Kupima wanafunzi wanavyolichukulia somo la sayansi

Mwanafunzi akisema "fizikia ngumu", usikimbilie kuandika kwamba haipendi. Shule ya msingi alisoma sayansi kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari, lugha ikabadilika. Huenda somo analipenda, Kiingereza ndicho kinachomkwamisha. Dodoso lako (karatasi ya maswali) lazima litenganishe hayo mawili.

Chagua somo moja kwa kila karatasi. Ukiuliza "sayansi" kwa jumla, anayependa baiolojia na kuogopa kemia atakupa jibu la katikati lisilokusaidia. Tunga sentensi 20 za Kiswahili, tano tano: kupenda, woga, manufaa, lugha. Kila fungu liwe na sentensi mbili za kukanusha, yaani zinazoonyesha mtazamo hasi, mfano "Nikiitwa ubaoni kipindi cha kemia, natetemeka." Sentensi ibebe jambo moja tu. "Kemia ni ngumu na haina faida" haifai, maana anayekubali nusu yake hana pa kuweka tiki.

Majibu yaanzie 5 (nakubali kabisa) hadi 1 (sikubali kabisa). Sentensi za kukanusha zigeuze: toa alama kwenye 6. Hapa ndipo wengi huharibu, mwoga akahesabiwa shabiki.

Jaribu kwanza kwa wanafunzi 10 wa mkondo mwingine, kila mmoja aeleze sentensi kwa maneno yake. Siku yenyewe, majina yasiandikwe, na mwalimu wa somo asiwepo darasani kabisa. Akiwepo, watamfurahisha yeye. Piga wastani wa kila fungu peke yake.

Kupenda kukiwa juu ya 3 na lugha chini yake, fundisha istilahi kabla ya mada. Kupenda kukiwa chini, anza na vitendo, hata bila maabara. Hapa Tanga mawe ya chokaa yapo tele (ya mapango ya Amboni yaacheni palepale!). Twanga kipande kiwe unga laini, weka kijiko cha chai kwenye glasi, mimina vijiko vitatu vikubwa vya siki. Povu likipanda, subiri dakika chache, kisha shusha taratibu kijiti kinachowaka: kinazimika kabla ya kugusa povu, kwa sababu kaboni dioksidi imejaa humo. Mapande makubwa hutoa gesi kidogo mno, upepo wa dirishani nao huipeperusha. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta: inaunguza ngozi, na gesi yake ilishatoka tanurini.

Muhula ukiisha, rudia dodoso lilelile, bila kubadili hata neno.