Chipu ya Morse ilale unaposikiliza
Ukijitengenezea kifaa cha kupigia Morse, usikimbilie bodi nzima ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuunda vifaa). Chukua chipu ya ATtiny85 peke yake, iendeshe kwa saa yake ya ndani (mapigo yanayoongoza hatua zake), na programu iilaze usingizi mzito kila unapoachia kibonyezo. Hapa Wete nilikuwa nikilaumu taa za LED za majirani kwa mlio wa bendi ya redio ya mita 40 (karibu MHz 7), kumbe kelele ni yangu: bodi ya Arduino inafanya kazi bila kupumzika, shubiri moja tu kutoka kwenye redio. Chipu ikilala saa inasimama, hivyo hakuna cha kupiga kelele. Ukigusa kibonyezo, badiliko la volti kwenye pini linaiamsha hata hujahisi. Betri tatu za AA zinatosha bila kirekebisha volti (inakubali 2.7 hadi 5.5), wala swichi ya kuzimia huihitaji.

Kwa kupima masafa ya mawimbi (frequency), chipu hii haifai hivi ilivyo. Saa ya ndani hutoka kiwandani ikiweza kukosea hadi asilimia 10, basi weka kristali ya nje ya kuipa mapigo sahihi. Na mawimbi ya makumi ya MHz haiwahi kuyahesabu. Tanguliza kigawanyi cha masafa kama chipu ya 74HC4040, au CPLD (chipu unayoipangia mantiki mwenyewe) ukiipata.