RAM ndogo, kompyuta inaganda? Panga kumbukumbu pepe na diski hivi

Kama una laptopu ya Windows 10 au 11 yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) 4GB hii hali unaijua, Chrome ina tabu kadhaa, Word iko wazi, afu unabonyeza kitu mashine inaganda na taa ya diski inawaka tu. Hapo RAM imejaa na Windows inahamishia vitu kwenye faili lililofichwa kwenye diski C linaloitwa pagefile.sys, ndo kumbukumbu pepe yenyewe hiyo. Diski ni ya polepole sana kuliko RAM ndo maana unasubiri, ila bila hilo faili programu zingekuwa zinajifunga hovyo.

Usibadili kitu kabla hujaangalia. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance afu Memory, tafuta palipoandikwa Committed, utaona namba mbili, ya kwanza ikiwa inaikaribia ya pili basi nafasi inakuishia. Kama Memory iko sawa lakini Disk imegoma kwenye 100% muda wote, shida ni diski, usihangaike na pagefile.

Sasa, kwa kawaida Windows inajipangia yenyewe ukubwa wa pagefile na inafanya vizuri tu, kinachoikwamisha mara nyingi ni C iliyojaa, faili linataka kukua halina pa kukulia. Kwa hiyo anza na usafi. Bonyeza Windows+R, andika cleanmgr, chagua C, afu Clean up system files, na usome kila tiki kabla ya OK kwa sababu ukifuta Previous Windows installations huwezi tena kurudi kwenye Windows ya zamani. Muvi na video hamishia diski nyingine. Ukiwa bado umebanwa na huwa hutumii Hibernate (kuzima huku kazi zilizo wazi zikihifadhiwa kwenye diski), fungua Command Prompt kama administrator andika powercfg /h off, utapata gigabaiti kadhaa, ila jua Fast Startup (ile ya kuwaka haraka) nayo inaondoka, kwenye HDD (diski ya kuzunguka) utaona kuwaka kunachelewa.

C ikishapumua na bado unataka kupanga mwenyewe: Windows+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change. Toa tiki ya juu kabisa, chagua C, weka Custom size. Kwa RAM 4GB mimi naweka Initial 4096 na Maximum 8192, hizo ni MB, 1GB ni 1024. Bonyeza Set (wengi wanairuka hii wanaenda OK moja kwa moja, hakuna kinachobadilika), afu OK, restati.

Kuna ushauri unazunguka eti weka No paging file kompyuta iruke, tafadhali achana nao, RAM ikijaa programu zitakufa na kazi ambayo hujasevu inaenda nayo. Na kuhamishia pagefile kwenye D ambayo ni kipande cha HDD ileile hakuongezi kasi, sindano ya kusomea ni moja na sasa inakimbia huku na kule. Ukiwa na SSD (diski ya chipu, haina kinachozunguka) na HDD kwenye mashine moja, hapo ndo kuna maana, pagefile ikae kwenye SSD.

Defragi (kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika) ni ya HDD: Windows+R, andika dfrgui, chagua diski, Optimize. SSD usiifanyie defragi kwa programu za kudownload, inakula uhai wake bure, Windows inajua ni SSD na inaifanyia TRIM (kuiambia sehemu zipi zimefutwa) yenyewe.

Na kama una hela kidogo ya kutumia, weka SSD badala ya HDD, hata ya 240GB, tofauti utaiona siku hiyohiyo kuliko mipangilio yote hii. Ila fungua kwanza kifuniko au soma modeli yako ujue inachukua ya inchi 2.5 au M.2 (kadi ndogo nyembamba), na M.2 yenyewe iko ya SATA na ya NVMe, aina mbili za muunganisho, ukikosea aina haitasoma na dukani wanaweza kukugomea kurudisha.