Kutambua kipindi cha kiti cha kale cha Kifaransa

Mlango wa nakshi wa hapa Bagamoyo husomwa kuanzia juu, kwenye kizingiti. Kiti cha Kifaransa husomwa kuanzia chini, kwenye miguu. Katika mji huu, ambao mapadre wa Kifaransa walianzisha misheni yao mwaka 1868, kila kiti chenye mguu uliopinda huapiwa kuwa ni "cha Mfaransa wa zamani", na sisi mafundi ndio tunaoulizwa kama kiapo hicho ni cha kweli.

Miguu minene iliyonyooka, iliyofungwa pamoja kwa mbao zenye umbo la X au H, ni ya enzi ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1715. Chini ya Louis XV, aliyetawala hadi 1774, mguu unapinda kama herufi S, mbao za kuunganisha zinatoweka, na nakshi za kombe na majani huelemea upande mmoja. Ukiona mguu umenyooka tena, lakini mwembamba, unaochongoka kuelekea chini na kuchimbwa mifereji ya wima, umefika kwa Louis XVI. Hapo tazama mguu unapokutana na fremu ya kikalio: mara nyingi pana kipande cha mraba kilichochongwa ua la duara, alama ambayo mimi huiamini kuliko umbo la mgongo. Enzi ya Napoleon wa Kwanza, 1804 hadi 1815, ni ya mahogani yenye nyuso pana tupu na mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu, yakiwamo ya Kimisri.

Hayo yote yanataja mtindo, hayataji umri, kwa kuwa mafundi wa karne ya 19 waliiga mitindo hiyo kwa wingi. Kwa umri, pindua kiti. Pitisha vidole chini ya fremu: randa ya mkono huacha mawimbi madogo yasiyolingana, ilhali msumeno wa duara wa mashine huacha mikwaruzo ya upinde. Kiti kimoja kilicholetwa bandani kwangu kilikuwa na mguu wa S usio na kasoro, lakini ndani ya fremu palikuwa na skrubu yenye kichwa cha msalaba, aina iliyoanza kuuzwa miaka ya 1930. Skrubu peke yake ingeweza kuwa ya matengenezo, kwa hiyo nikafungua kiungo. Hapakuwa na ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu na kupigiwa kigingi, kama kiungo cha zamani, bali vijiti vya duara vya mashine.

Mwisho tafuta muhuri wa jina la fundi na herufi JME, alama ya ukaguzi ya chama cha maseremala wa Paris, uliotakiwa kisheria Paris kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi 1791. Mafundi wa mfalme walisamehewa, hivyo kuukosa si hukumu. Ukiupata, umulike kwa tochi kutoka ubavuni: kama kingo za herufi ni kali na mti ndani yake ni mweupe kuliko wa pembeni, umegongwa juzi.