Kupima kaboni ya udongo shambani: asilimia peke yake haitoshi

Ukitaka kujua kama kaboni ya udongo inaongezeka, chukua sampuli kabla hujaacha kutifua udongo, kabla ya matandazo na mazao ya kufunika ardhi. Bila kipimo cha mwanzo hakuna cha kulinganisha.

1. Sampuli. Gawa shamba kwa aina ya udongo na mteremko. Kila kipande kipate mashimo 15 hadi 20. Ruka vichuguu, mazizi ya zamani na kingo. Ondoa masalia ya juu, chimba hadi sm 40, na tenga tabaka la sm 0–30 na la 30–40. Changanya kila tabaka peke yake, anika kivulini, chekecha kwa chekeche ya mm 2.

2. Maabara. Omba kipimo cha kuunguza sampuli kavu. Njia ya Walkley-Black, inayotumia kemikali badala ya kuunguza, ni nafuu lakini haifikii kaboni yote; matokeo huzidishwa kwa takriban 1.3 kufidia, na si kila udongo unaofuata kiwango hicho. Tone la asidi likitoa povu, udongo una chokaa: waambie maabara watenganishe kaboni ya chokaa.

3. Msongamano wa udongo. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Tumia pete ya chuma yenye makali, kipenyo sm 5 na urefu sm 5 (ujazo sm³ 98). Weka ubao juu yake ndipo ugonge polepole. Ukigonga pete yenyewe inayumba na kupasua udongo. Udongo wa ndani ukishuka chini ya ule wa nje, umeshindiliwa: tupa, anza upya. Fanya kazi hii udongo ukiwa na unyevunyevu, kwani mkavu humeguka na tope hubanika. Kata kwa kisu udongo uliozidi kwenye ncha zote mbili za pete, kausha nyuzi 105 kwa saa 24, pima, gawa uzito kwa ujazo. Mawe yaondolewe, uzito wake na ujazo wake. Rudia mara tatu au zaidi kila tabaka.

4. Hesabu. Asilimia ya kaboni × msongamano (gramu kwa sm³) × kina kwa sm = tani za kaboni kwa hekta. Mfano: 1.5 × 1.3 × 30 = 58.5.

Miaka mitano baadaye udongo umelainika: asilimia 1.6, msongamano 1.2. Unapata 57.6, kana kwamba kaboni imepungua! Sababu ni kwamba sm 30 za mwanzo zilikuwa na tani 3,900 za udongo kwa hekta, sasa zina 3,600. Ongeza tani 300 kutoka tabaka la 30–40. Likiwa na asilimia 1.0 ni tani 3 za kaboni, jumla 60.6. Linganisha uzito sawa wa udongo, si kina sawa. Msimu uleule, maabara ileile, njia ileile.