Andika vipimo kwanza, halafu fuatilia riali
Kama unasoma fedha za kimataifa chuoni, kabla hujagusa kikokotoo andika vipimo pembeni ya kila namba: "shilingi kwa dola 1" au "dola kwa shilingi 1". Mwaka wa pili nilipoteza alama nyingi kwa uvivu huu tu. Tuseme kiwango cha shilingi kwa dola 1 kimetoka 2,500 kwenda 2,600. Namba imepanda, ila shilingi ndiyo imeshuka, na kwenye chumba cha mtihani, jasho likikutoka, utaandika kinyume chake bila hata kushtuka.

Kisha tafuta daftari dogo. Kila asubuhi ingia tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, nakili bei ya kununua na ya kuuza dola, na pembeni weka bei ya riali ya Oman kwa dola. Baada ya mwezi utaona shilingi inacheza, riali haitikisiki. Imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 kiwango ni kilekile, riali 1 kwa dola 2.6 hivi. Hapo ile pembetatu ya wachumi Mundell na Fleming (nchi haiwezi kufunga kiwango, kuachia mitaji na kujipangia riba yake, vyote vitatu kwa pamoja), ambayo slaidi za mwalimu huigeuza fumbo, inaanza kueleweka: Oman imefunga kiwango na inaacha mitaji iingie na kutoka, basi riba yake haina budi kuifuata ya Marekani. Siku Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, ikipandisha riba, kaangalie Benki Kuu ya Oman imefanya nini. Mara nyingi jibu utalikuta siku ileile au kesho yake.