Filta za imeili zikikuchanganya kwenye Thunderbird, anzia hapa

Nashughulikia bukingi za gesti hapa Lamu, Langoni, na imeili ndio mlango wetu, tunaisoma kwa Thunderbird, programu ya imeili ya kompyuta, msimu wa kaskazi wageni wanaandika kutoka Nairobi, Italia, Ujerumani, na wote wanataka jibu siku hiyo hiyo, usipojibu mtu keshapata chumba Shela.

Sasa mwaka jana kuna familia ilisubiri jibu siku tatu nzima. Nimetafuta wee, kumbe imeili yao imelala kwenye folda ya Matangazo. Nilikuwa na filta inasema sabjekti ikiwa na "sale" ipeleke Matangazo, na sabjekti yao ilikuwa "Bukingi ya Saleh, watu wanne". Umeona hapo? "Contains", lile sharti la "ikiwa na", haitafuti neno zima, inatafuta herufi zilizofuatana tu, kubwa au ndogo kwake sawa. Na pwani hii kina Saleh na Salem wako wangapi! Nikaifuta filta hiyo, nikaandika filta ya "From" yenye adresi za wale wanaotuma matangazo, tangu hapo salama.

Kwa hivyo usikimbilie kufuta filta zote uanze upya. Fungua Tools, halafu "Message Filters" (menyu ikiwa haionekani bonyeza Alt). Kwanza kabisa tazama juu ni akaunti gani imechaguliwa, maana kila akaunti ina filta zake, watu wengi wanaandika filta kwenye akaunti ya nyumbani na barua zinaingia ya kazini. Tazama pia kama filta ina tiki, yaani imewashwa, na kama folda inakopeleka barua bado ipo, maana ukiifuta folda hiyo filta haina tena pa kupeleka.

Halafu bonyeza "Filter Log" uiwashe. Hii watu hawaitumii na ndio dawa yenyewe, inakuandikia filta gani imeshika imeili gani, saa ngapi, na imeifanya nini, huhitaji kubahatisha.

Mpangilio nao una maneno. Filta zinasomwa kutoka juu kushuka, ya juu ikishahamisha imeili, filta za chini hazina cha kushika. Mimi filta ya bukingi nimeiweka juu kabisa, ya matangazo mwisho, unazipandisha kwa "Move Up" basi.

Kama filta haishiki kitu kabisa, ifungue uone imeandikwa "Match all" (masharti yote yatimie) au "Match any" (hata moja tu latosha). Ukiweka adresi za maajenti wawili kwenye "From" halafu ukaacha "Match all", unaiambia itafute imeili moja iliyotoka kwa wote wawili, na hiyo haiji hata ungoje mpaka Maulidi. Weka "any".

Barua za zamani filta haizigusi zenyewe, chagua filta, chagua folda hapo chini, bonyeza "Run Now".

Na jambo la mwisho, hizi filta zinafanya kazi Thunderbird ikiwa wazi tu. Stima ikipotea na kompyuta ikazima, kwenye simu utaona inboksi imejaa fujo, hapo filta haijaharibika, washa kompyuta ufungue Thunderbird itazipanga zile ambazo hujazisoma, ulizokwisha kuzisoma kwenye simu tumia "Run Now". Ukitaka zipangwe hata ukiwa umelala, ingia kwenye akaunti yako kwa brauza uandike filta huko huko kwenye seva, yaani kwa kampuni inayokuwekea imeili, ila zile za kompyuta zinazofanana nazo zitoe tiki, zisije zikagombania barua moja.