Noti ya zamani: isome kabla hujainunua

Miaka ishirini na miwili nilikaa dirishani kama keshia hapa Tabora, nikihesabu noti bila kuzisoma. Kuzisoma nilianza pale tulipogawana vitu vya marehemu bibi, ikadondoka kutoka kwenye msahafu wake noti ya rupia moja ya Wajerumani. Imeandikwa Daressalam/Tabora, tarehe 1 Novemba 1915. Niliposoma jina la mji wangu juu ya hela ile, nilikaa chini.

Anayetaka kuanza kukusanya noti za zamani, namshauri apate noti moja na kuijua mpaka ndani, kabla ya kukimbilia mabunda.

Mimi nilianza na hiyo ya bibi. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, manowari za Kiingereza ziliziba bahari, noti kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Benki ya koloni ikalazimika kuchapa zake humuhumu nchini. Ndiyo maana ukizipanga kumi mezani utaona karatasi za rangi na unene tofauti, herufi za mfululizo zinazobadilika, na sahihi ambazo nyingine zimetiwa kwa mkono. Septemba 1916 Wajerumani walipoteza Dar es Salaam na Tabora, lakini noti hazikukoma. Za 1917 zilipigwa kwa herufi za mpira huko porini, na kuna ambazo tai wa nyuma yuko kichwa chini. Kwa hiyo geuza kila noti, hata kama mbele inafanana na uliyonayo. Tofauti hizo ndizo zinazotafutwa.

Noti zetu za kwanza, za Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966, zina Mwalimu akiwa kijana, na hazina mwaka. Umri wa noti usome kwenye sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Mwaka ule Waziri alikuwa Amir Jamal na Gavana Edwin Mtei; sahihi zikibadilika, ujue umeshika toleo la baadaye. Inyanyue kwenye mwanga wa dirisha: kichwa cha twiga kitokee ndani ya karatasi. Ya shilingi mia iangalie nyuma kwa makini. Ya awali ina Mmasai na mifugo, iliyofuata ina wanyama wa porini. Ya Mmasai ni adimu zaidi, usiiachie kwa bei ya mwenzake.

Kuhusu mihuri, usikimbilie kusema noti imechafuliwa. Rwanda na Burundi zilikuwa na benki moja ya noti. Zilipotenganisha fedha zao mwaka 1964, noti zilezile zilipigwa chapa juu. Ukikuta neno BURUNDI limepita juu ya maandishi ya noti, hiyo ni kazi ya benki. Hesabu za muuza duka zilizoandikwa kwa kalamu ni jambo jingine, zinashusha bei. Namba pia zina habari. Kwenye noti nyingi za De La Rue, kampuni ya Kiingereza inayochapa noti, herufi Z mwanzoni huashiria noti iliyochapwa kuziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani.

Sasa utunzaji, na hapa naomba unisikilize. Usifue, usipige pasi, usibandike selotepu. Noti yangu ya Mmasai niliinyoosha kwa pasi, mikunjo ikaondoka na uhai wa karatasi pia. Mnunuzi aliigusa kwa kidole akaijua mara moja. Hadi leo inaniuma. Iweke kwenye bahasha angavu isiyo ya plastiki ya PVC, uilaze bapa kabatini mbali na jua na unyevu. Walio Tanga au Unguja wafungue makabati mara kwa mara, maana hewa ya bahari inaleta madoa na wadudu wa karatasi.

Kama mfuko ni mdogo, tafuta zile zilizoondolewa juzi. Benki Kuu ilizibadilisha noti za 1985 hadi 2003, pamoja na mia tano ya 2010, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Waliochelewa bado wanazo kwenye masanduku, na wengi watakuachia kwa bei ya chai. Waulize zilikaa wapi muda wote huo, uandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha kuweka nyuma ya noti. Cha kwangu cha kwanza kimeandikwa: msahafu wa bibi, sura ya Yasin.